Uzi wa Ncha Moja

Sauti ya kwanza niliyoisikia ya watu wale wawili ilikuwa ya sekunde kumi na moja.

"We mla mbwa, umeamka, au bado unamtafuna yule aliyebweka jana?"

"Nimeamka, mla panya. Toka shimoni kwako tukanywe chai."

Kisha kicheko cha msichana, na hapo kipande kikakatika.

Mbele yangu skrini ilikuwa na vitufe vitatu. Kijani kwa urafiki, kijivu kwa maneno ya kupita tu, nyekundu kwa uadui. Kidole changu kilikaa juu ya kijani. Nilijua nilichokisikia. Kwetu Muheza, baba mdogo alipofariki, watani walikuja wakalala ndani ya kaburi lake, wakakataa kutoka mpaka wapewe jogoo. Walimsema marehemu kwa uvivu wake na kwa miguu yake mirefu. Bibi yangu, ambaye alikuwa hajatia kitu mdomoni siku mbili, alicheka mpaka akaomba uji. Mtu asiyekupenda hawezi kukufanyia hivyo.

"Mbona umeganda?" aliniuliza Mpoki. Yeye alikaa meza ya jirani, na kazi yake ilikuwa ile ile kama yangu.

"Hawa ni watani. Mhehe na Mngoni."

"Ukurasa wa nne," alisema bila kugeuka. "Usome kwa sauti, dada, na mimi nijifunze."

Alinichokoza kwa kuwa alijua nasoma polepole. Shule niliiacha darasa la tano. Lakini ukurasa wa nne wa kitabu cha kanuni niliujua kwa moyo, kwa sababu ulikuwa na mistari mitatu tu. *Weka alama ya neno. Usiweke alama ya moyo. Moyo hausikiki.*

Kumwita mtu mla mbwa ni tusi. Tusi ni nyekundu. Nikabonyeza nyekundu, na kipande kingine kikaja.

*

Kila aliyeingia chuo kile alivalishwa kishikizo kwenye ukosi wa nguo, kidogo kama punje ya hindi. Wanafunzi, wapishi, walinzi, hata sisi wasikilizaji tulivivaa. Kishikizo kilihesabu ulisimama karibu na nani na kwa muda gani. Sauti zikipanda, kwa kicheko au kwa hasira, au mtu akimwita mwenzake kwa jina, kilinasa kipande kifupi. Vyote vilikwenda kwenye ukuta wa chumba cha Dokta Kokushubira, mkuu wa utafiti ule, ambako kila mwanafunzi alikuwa nukta yenye namba na kila ukaribu ulikuwa uzi. Ukuta huo tuliuita Utando.

Mashine iliweza kuhesabu hatua na dakika. Haikuweza kujua kama "ondoka hapa" ni ugomvi au mapenzi. Kwa hiyo tuliajiriwa sisi. Kabla ya hapo nilikuwa napiga deki jengo lile lile. Dokta alinichagua siku moja nikiwa na ndoo mkononi, akaniuliza kama nina rafiki yeyote hapo chuoni. Nilisema sina. Akasema msikilizaji anayefaa ndiye huyo.

Tulikatazwa kuzungumza na tuliowasikia. Vipande vilitufikia baada ya siku moja nzima, na hilo lilipangwa makusudi, ili asiwepo wa kutoka mbio kwenda kuingilia.

Mimi nilipewa namba mia mbili za kusikiliza. Kati yao walikuwamo 2217 na 0940. Majina yao niliyajua kwa kuwa waliitana. Msichana, 2217, alikuwa Yustina. Kijana alikuwa Otmari. Walisoma wote mambo ya udongo, mwaka wa kwanza, na kila asubuhi saa moja kasorobo Otmari alisimama chini ya dirisha la bweni la wasichana akatukana. Yustina akajibu. Wakaenda chai.

Nitasema ukweli. Niliwasubiri. Nilikuwa nawahi kazini ili nisichelewe vipande vyao vikapewa Mpoki. Sikuwahi kutaniwa na mtu namna ile, na nilikuwa nikicheka peke yangu, mkono mdomoni, huku nabonyeza nyekundu.

Wiki ya tatu kilikuja kipande ambacho hakikuwa na kicheko.

"We mla mbwa!"

Kimya.

"Yusta? Mla mbwa, nijibu basi."

Kimya. Kisha miguu ikipanda ngazi, na matroni akifoka kwamba mvulana haruhusiwi, na Otmari akisema, "Mama, asiponijibu tusi ujue mifupa imemshika. Ana sikoseli. Nifungulie, nimbebe."

Kipande cha baadaye kilikuwa cha zahanati. Yustina aliongea taratibu, kama mtu aliyebeba maji kichwani.

"Umejuaje?"

"Umenyamaza. Mhehe akikaa bila kujibu, si mzima."

"Usimwambie mtu mwingine. Shule yote ya msingi nilikuwa mgonjwa. Sekondari nilikuwa mgonjwa. Watu walinyanyua sauti kama naumwa masikio. 'Pole, Yustina. Pole jamani.' Hapa nataka kuwa mla mbwa tu."

"Basi kila asubuhi nitakutukana. Ukijibu, nakwenda zangu. Usipojibu, navunja mlango."

"Mlango wa chuo huo. Watakulipisha."

"Nitawaambia umetafunwa na panya."

Akacheka, halafu akaugulia, halafu akacheka tena. Katika kipande hicho tusi lilikuwa moja. Kanuni haikuuliza idadi. Nikabonyeza nyekundu, na machozi yakanidondokea kwenye kitufe.

*

Nyekundu zikifika ishirini kwa mwezi, sehemu ya mashine inayoitwa Mpangaji huwatenganisha wahusika. Mmoja huhamishwa bweni na kundi la masomo. Simu zao hufungiwa zisipigiane. Vishikizo vyao hulia wakikaribiana hatua thelathini, na mlinzi huja.

Nilipoona namba zao mbili zimewekewa mstari wa kutenganishwa, niliacha hedifoni mezani nikapanda kwa Dokta Kokushubira. Ngazi zilikuwa ishirini na sita. Kila ngazi nilijifunza sentensi yangu upya. Nilipofika mlangoni sentensi ilikuwa imeshapotea.

"Karibu, Sikitu," alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akitujua wote kwa majina, na siku ya baridi alituletea chai yake ya chupa. "Kuna nini?"

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Kaa."

Sikukaa. "Wale wawili. 2217. Ni watani, Daktari. Si matusi."

Alinitazama, kisha akageuza kiti kuelekea Utando. Nukta elfu nne zilikuwa zinapumua pale ukutani. Akagusa moja nyeupe aliyokuwa amekataa ifutwe, isiyo na uzi hata mmoja.

"Huyu aliitwa Nasra," alisema. "Mwaka wa kwanza wa utafiti. Wenzake chumbani walimwita majina kila siku, na kila siku alicheka. Wasikilizaji wangu walisema, Daktari, hawa wanataniana. Waliweka kijani. Nikawaamini. Nasra alicheka mpaka siku walipommwagia maji ya moto. Nilikwenda mimi mwenyewe kwa mama yake, nikakaa naye mkekani. Ndiyo maana ukurasa wa nne upo."

Nilitazama chini. Sakafu ile nilikuwa naijua kila ufa.

"Sijasema unakosea," aliendelea. "Inawezekana wewe unasikia ninachoshindwa kusikia. Kwa hiyo kuna njia." Alifungua droo akatoa karatasi. "Hii ni Fomu ya Ushuhuda. Unaandika kwamba umewasikiliza, na unashuhudia kuwa huyu kijana hamdhuru huyu binti. Unasaini. Mpangaji atawaacha. Likitokea la kutokea, atakayeulizwa ni wewe. Siwezi kubeba hilo tena peke yangu, Sikitu."

Alinipa kalamu. Karatasi ilikuwa na maneno mengi, madogo, yaliyosongamana. Nilisoma mstari wa kwanza. Nikaurudia. Ikawa kama siku ile darasani mwalimu aliponisimamisha nisome na darasa zima likasubiri. Nilifikiri: mimi ni nani wa kuapa juu ya mtoto wa watu? Kama Nasra naye alikuwa na msikilizaji aliyekuwa na uhakika kama mimi, je? Na kama kicheko cha Yustina nilikipenda tu kwa kuwa mimi sina wa kucheka naye?

Ningeweza kusema habari ya ugonjwa wake. Lakini Yustina aliomba isisemwe, na mimi siri hiyo nilikuwa nimeiiba.

"Basi, Daktari," nikasema.

"Basi nini?"

"Basi tu. Samahani kwa usumbufu."

Niliiweka kalamu juu ya fomu, taratibu, isibingirike. Nikashuka ngazi ishirini na sita.

*

Yustina alihamishiwa bweni la upande wa mto. Mpangaji alimchagulia wa kukaa naye, msichana aitwaye Rehobothi, aliyelingana naye kwa vipimo vyote: dini, usingizi, masomo, hata vyakula. Vipande vyao vilikuwa safi.

"Habari za asubuhi, Yustina?"

"Nzuri. Za kwako?"

"Nzuri. Umelala salama?"

"Salama."

Kijani. Kijani. Kijani. Uzi wao ulinenepa haraka kwenye Utando, na Dokta aliwaonyesha wageni kama mfano.

Otmari alisikika mara mbili. Mara ya kwanza kishikizo chake kililia karibu na daraja, na mlinzi akamwambia, "Kijana, rudi. Huyo binti unamtukana, tumekuona kwenye orodha." Naye akajibu, "Kamanda, nani atamtukana sasa?" Mlinzi akacheka akidhani ni mzaha. Mara ya pili alikuwa kantini, anamwomba Rehobothi: "Asubuhi mtukane. Hata moja tu. Mwite mla mbwa." Rehobothi alichukizwa. Alisema yeye amelelewa vizuri. Kipande kile nilikiweka nyekundu, maana tusi lilikuwamo.

Jumatano moja saa ya chakula nilivunja kanuni. Nilivuka daraja nikaenda mpaka kwenye kamba za kuanikia za bweni lile. Yustina alikuwa amekaa juani kwenye ngazi, sweta mbili mwilini. Nilimtambua kabla hajasema. Alikuwa mwembamba kuliko sauti yake, na macho yake yalikuwa na umanjano.

"Dada, unatafuta mtu?" aliniuliza.

"Hapana. Napumzika."

"Karibu. Jua lipo la kutosha wawili." Alisogea. Nikakaa. "Wewe mwenyeji wa wapi?"

"Tanga. Muheza."

"Ah, watu wa machungwa." Alinitazama pembeni, na uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake kwa mbali. "Hivi sisi Wahehe tuna utani na ninyi?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Mpaka leo nauona ule mlango. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu, nilikuwa nimelisikia mara sabini. Maneno mawili tu. Angenijibu, ningejua ni mzima. Asingejibu, ningembeba. Hakukuwa na kazi nyingine duniani siku ile ila kufungua mdomo na kumtukana msichana aliyekuwa anaomba kutukanwa.

Nikasema, "Sijui, dada. Pole na baridi."

Ule uso ukafungwa.

"Asante," alisema kwa upole. "Kila mtu hapa ananiambia pole."

Kengele ya saa nane ikalia. Niliondoka bila kumwambia jina langu.

*

Jumapili hatukufanya kazi. Jumatatu asubuhi mvua ilikuwa inanyesha tangu Ijumaa, ile mvua ya milimani isiyo na kelele, inayoingia mifupani. Nilivaa hedifoni. Kipande cha kwanza kilikuwa cha 2217, cha Jumapili saa tatu asubuhi. Mashine ilikuwa imeandika juu yake: *Mhusika wa pili hajapatikana.*

"Mla panya," ilisema sauti. Ilikuwa ndogo. "Otmari. Mla panya, niko huku. Nitukane."

Pumzi. Kitanda kikilia.

"Nimeamka. Nakujibu. Nimeamka."

Vitufe vitatu vikawaka mbele yangu, vikinisubiri.

Nilikimbia. Mpoki aliniita, "We Sikitu, hedifoni!" kwa kuwa nilikuwa nimeondoka nayo, waya unaburuzika nyuma yangu. Nilivuka daraja. Nilipanda ngazi za bweni bila kumsalimia matroni, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mtu mzima. Mlango wa chumba cha kumi na nane ulikuwa wazi. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani. Rehobothi alikuwa sakafuni na begi lake ambalo alikuwa bado hajalifungua.

"Nilikwenda nyumbani Ijumaa," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyetumwa kumuuliza. "Nilimwuliza kabla sijaondoka. Nilimwambia, 'Uko salama?' Akasema, 'Salama.' Simu yake ilikuwa chumba cha jirani inachajiwa. Alikuwa mzima, dada. Kila siku alisema mzima. Wamemkuta jana jioni."

Siku moja nyuma. Sauti niliyokuwa naikimbilia ilikuwa imeshanyamaza tangu jana.

*

Ndugu zake walifika kutoka Iringa Jumanne. Jeneza liliwekwa ukumbini ili wanafunzi waage kabla ya safari. Dokta Kokushubira alisimama mstari wa mbele, kitambaa mkononi. Mimi nilisimama nyuma kabisa, karibu na mafagio.

Watu walipita kwa mstari. Kila mmoja alimwambia mama wa marehemu, "Pole, mama." Mama alitikisa kichwa, macho yake makavu, hatazami mtu.

Ndipo Otmari akaingia. Alikuwa amevaa sweta mbili na skafu, kama Yustina, na begi kifuani. Alikwenda moja kwa moja kwenye jeneza, na alipofika hatua thelathini kishikizo chake kikaanza kulia, maana cha Yustina kilikuwa bado hakijavuliwa. Hakusimama.

"We mla mbwa!" alipiga kelele, na ukumbi mzima ukashtuka. "Saa nne hii bado umelala? Umelala kwenye sanduku kabisa, ili nisikuone? Mtihani wa udongo ni kesho, unataka mimi nikaujibu, mimi mla panya nisiyejua hata kuchimba shimo?"

Wanafunzi waliziba midomo. Lakini mama aliinua uso. Mabega yake yalianza kutikisika, na nikaona kwamba anacheka, na machozi yaliyokuwa yamekataa yakaanza kumtoka. Alivua kanga ya mabegani akamtupia Otmari.

"Nyamaza, mla panya!" alisema kwa sauti kubwa. "Nani kakuruhusu kumwamsha mwanangu?"

"Nijibie, mama," alisema Otmari, kanga kichwani. "Kazoea kunijibu."

"Amelala. Rudi shimoni kwako, mwanangu. Amelala."

Walinzi wawili walifika wakamshika mikono. Kishikizo kililia mpaka walipomtoa nje, na mama alibaki ameinyoosha mikono mbele, kana kwamba amenyang'anywa mtoto wa pili. Nilimtazama Dokta. Alikuwa ameinamisha kichwa, na sikujua kama ameelewa au ameshtuka kama wengine. Sikumwendea nikamwuliza. Nilikuwa mimi yule yule.

*

Jumatano kipande kikaja. Sekunde kumi na tisa. *We mla mbwa, saa nne hii bado umelala?*

Skrini ikaniuliza. Kijani, kijivu, nyekundu. Chini yake sekunde sitini zikaanza kuhesabika. Msikilizaji akichelewa, mashine huweka yenyewe, kwa neno.

Nilibonyeza kijani.

*Uzi unahitaji ncha mbili,* iliandika skrini. *Nukta 2217 haipo. Chagua tena.*

Nilibonyeza kijani. *Chagua tena.* Nilibonyeza kijani. *Chagua tena.* Mpoki alinitazama. Aligeukia meza yake. Sekunde zikaisha, kipande kikawa chekundu, kikaondoka.

Nilivua hedifoni. Dirishani mvua ilikuwa imekatika, na ng'ambo ya mto niliziona kamba za kuanikia na ile ngazi, tupu, yenye jua la kutosha wawili.

"We mla mbwa," nikasema.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyodhani ninayo. Ilikwaruza, lakini ilitoka. "Mla mbwa, umeamka?"

Ukosini mwangu kishikizo kikatoa mlio mdogo, ule wa kunasa. Kesho asubuhi sauti hiyo itafika kwenye meza ya Mpoki. Atafungua ukurasa wa nne, na ataweka nyekundu.